Waridi la Jangwani Mezani pa Majaji

Wakati wa kiangazi, nyika ya Tsavo Mashariki ikiwa imekauka kabisa, utaiona adeniamu imechanua bila jani hata moja: shina limevimba, gome la kijivu, maua ya waridi kwenye ncha za matawi. Wapenda bustani huiita waridi la jangwani. Kule hakuna anayeimwagilia. Kuilea chunguni hadi majaji wainamie na kuitazama mara ya pili ni kazi nyingine kabisa.

Mkulima makini huanza na mbegu. Tawi lililokatwa hushika mizizi, ila mara nyingi halipati lile tumbo la shina. Mche wa mbegu huanza kunenepa ungali mdogo. Maganda hutoka mawili mawili kama pembe za mbuzi, na kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili. Ndiyo maana ganda hufungwa uzi kabla halijapasuka. Ukichelewa, upepo umeshabeba mbegu zako.

Baada ya hapo ni miaka. Kila chungu kinapobadilishwa, mmea huinuliwa kidogo kuliko ulivyokaa, mizizi minene iliyokuwa imefichika ipate kuonekana. Mzizi uliochubuka huachwa siku kadhaa bila maji mpaka kidonda kikauke. Ukimwagilia mapema utaoza kwa ndani, na utajua siku utakapobonyeza shina likabonyea. Utomvu nao ni sumu, basi nawa mikono. Udongo mwekundu wa Voi peke yake hugandamana, kwa hiyo huchanganywa na kokoto ndogo na mchanga mkavu wa mtoni. Halafu kuna jua: chungu hugeuzwa kidogo kidogo ili matawi yasilalie upande mmoja, lakini ukikigeuza ghafla, ubavu uliozoea kivuli unaungua, na kovu halifutiki.

Mashindano yana kanuni zake. Katika British Cactus and Succulent Society, iliyoundwa 1983 vyama viwili vilipoungana, huangaliwa afya ya mmea, ukomavu, ugumu wa kuulea, unavyopangwa chunguni, na jina sahihi kwenye lebo. Vidung'ata wakipatikana kwenye makwapa ya majani, umekwisha. Usiku wa kuamkia mashindano ni wa brashi laini, kupangusa vumbi kwenye kila kikunjo.

Njia ya mkato ipo: kung'oa porini. Jaji mzoefu huitambua kwa mzizi mkuu uliokatwa na makovu yasiyolingana na maisha ya chunguni. Kwa mishubiri, Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa porini mwaka 1986 kwa amri ya rais.

Na kama ugumu ndio kipimo, Taita Taveta ina Aloe ballyi, mshubiri unaorefuka kama mti, uliopewa jina la Peter Bally, mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Nairobi. Kuutuliza chunguni ni shughuli, na jani lake likivunjika hunuka panya, jambo ambalo sidhani lina alama kwenye karatasi ya jaji yeyote. Huenda ukashinda kwa uhaba wake. Kura yangu ningeipa adeniamu iliyoanzia kwenye mbegu, hasa ile ambayo mwenyewe bado anakumbuka ganda lake lilifungwa uzi wa rangi gani.