Kuusubiri Ufa Ujitokeze

Diski ya feni ya injini ya ndege, iliyochongwa kwa titani, humfikia mkaguzi ikiwa inang'aa, na asiyeijua kazi angeipitisha papo hapo. Mkaguzi huanza kwa kuiosha. Grisi na alama za vidole huziba mdomo wa ufa, na ufa uliozibwa haupenywi na kitu. Kisha huikausha, hadi ndani ya kila tundu la bolti.

Hufuata kimiminika cha kupenya, chenye rangi ya kijani-manjano inayowaka chini ya mwanga wa urujuanimno. Diski hulowa yote, kisha huachwa kwa dakika kumi, ishirini au zaidi, kama maelekezo yanavyotaka. Muda huo haukatwi. Kimiminika hujivuta chenyewe ndani ya nyufa zisizoonekana kwa macho.

Uhodari wa mkono huonekana wakati wa kusuuza. Akisuuza kidogo, diski nzima itawaka na kasoro itajificha humo. Akizidisha, maji yatakitoa hata kilichokwisha kuingia kwenye ufa. Kwa hiyo hurusha maji kwa mbali na kwa presha ndogo, chini ya taa ya mwanga uleule wa urujuanimno, na huacha mara tu mng'ao wa juu unapofifia. Diski hukaushwa kwenye tanuri la joto la wastani, kisha hupuliziwa unga mweupe mkavu. Unga huo ndio unaofyonza rangi kutoka ndani ya ufa na kuipandisha juu.

Sasa ni chumba cha giza. Nguvu ya taa amekwisha kuipima kwa kifaa. Miwani inayobadilika rangi hairuhusiwi. Huketi kwanza mpaka macho yazoee, ndipo aizungushe diski taratibu: ukingo, nafasi zinamopachikwa mapanga, tundu la katikati. Mstari wa kijani ukitokea, hatamki neno. Huufuta mara moja kwa kiyeyushi, hupuliza unga tena, husubiri. Uchafu ukifutwa umekwisha. Ufa huuchora mstari wake upya palepale.

Siku nyingi hakuna mstari wowote, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mwaka 1989, diski ya feni katika injini ya mkiani ya ndege ya DC-10 ilipasuka angani. Ndege ikaanguka Sioux City, Marekani, na watu 112 wakafa. Wachunguzi walikadiria kwamba mwaka uliotangulia, diski hiyo ilipokaguliwa kwa njia hii hii, ufa ulikuwa umefikia karibu nusu inchi. Ulipita bila kuonekana. Mkaguzi hodari anajua kuwa jicho lililozoea kukuta diski salama huanza kuiona salama kabla ya kutazama, kwa hiyo hulipumzisha, na diski ya mwisho wa zamu huipa muda uleule alioipa ya asubuhi.

Akiridhika, huisafisha, huandika namba ya diski kwenye fomu na kugonga muhuri wenye namba yake mwenyewe. Karatasi hiyo hutunzwa, na lolote likitokea, namba hiyo ndiyo itakayoulizwa. Muhuri huo hauazimwi, hata kwa rafiki wa meza ya pili.