Karatasi ya Pili

Januari 2022 Y Combinator, kiatamizi cha kampuni changa cha Marekani, walikosea. Nalisema mapema, msomaji asije akahangaika kutafuta nimesimama wapi. Tangazo lilikuwa la dola 500,000 kwa kila kampuni changa itakayoingia, na mitandaoni watu walishangilia siku nzima. Wengi waliishia kwenye tarakimu hiyo. Kosa lilikuwa kwenye karatasi ya pili.

Mnajua mkataba ulivyogawanywa. Karatasi ya kwanza ni dola 125,000 kwa asilimia 7 ya kampuni. Ya pili ni SAFE, yaani karatasi ya kutoa fedha sasa kwa hisa za baadaye, ya dola 375,000 isiyo na kikomo cha thamani ya kampuni, ila ina kipengele cha MFN, cha mwekezaji anayependelewa kuliko wote: bei nafuu kuliko zote utakayompa mwekezaji mwingine wa SAFE kabla ya duru ya hisa, Y Combinator nao wanaichukua. Ukiisoma haraka unaona ukarimu. Hawakupangii bei, wanangoja soko liseme. Soko la wapi?

Shikeni kalamu. Kijana wa San Francisco anatoka Demo Day, siku ya kujinadi kwa wawekezaji, wawekezaji wanamgombania, anauza SAFE zake kwa kikomo cha dola milioni 25. Zile 375,000 zinageuka asilimia 1.5, na jumla ya fungu la Y Combinator, kabla duru ijayo haijalipunguza, ni asilimia 8.5. Mwenzake wa Nairobi au Dar es Salaam ana programu nzuri vilevile na wateja wanaolipa. Yeye anapata kikomo cha milioni 5, kwa kuwa wawekezaji wanaoielewa biashara yake ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwake zile 375,000 ni asilimia 7.5, jumla 14.5. Maneno ya mkataba ni yaleyale, fedha ni zilezile, lakini kwa karatasi ya pili huyu ametozwa mara tano ya mwenzake.

Na huo si mfano mbaya. Mbaya ni huu. Mtu wa nyumbani, aliyemwamini kijana huyo tangu anafanyia kazi sebuleni kwa mama yake, anatoa dola 50,000 kwa kikomo cha milioni 3. Mwanzilishi anapiga hesabu, anaona ameuza asilimia 1.67, anatia saini kwa furaha. Papo hapo kipengele kinaamka. Dola 375,000 zote zinashuka hadi bei ya milioni 3, na Y Combinator wanaongeza asilimia 12.5 juu ya 7 zao. Saini ya dola 50,000 imemgharimu zaidi ya asilimia 14 ya kampuni yake. Aliyeushika vizuri mkataba huu atamkwepa mtu wa nyumbani, au atamtaka alipe bei ya San Francisco, bei ambayo hana. Taasisi iliyopaswa kumsogeza karibu na wawekezaji wa kwao imemfanya awaogope.

Watetezi wanasema mwenye nusu milioni benki halazimiki kuuza rahisi, avumilie. Sawa, palipo na wanunuzi wengi. Lakini Mei ya mwaka uleule Y Combinator wenyewe waliwaandikia waanzilishi wajiandae kwa hali mbaya kabisa. Thamani za kampuni zikashuka, na kila thamani iliposhuka, karatasi ya pili ilimnenepesha mwenye nayo. Mlezi hapaswi kushika karatasi inayomnufaisha mwanawe anapouza kwa shida. Nimeuimba sana wimbo huu na nitauimba tena.

Neno kuatamia, tunalolitumia kwa taasisi za namna hii, lina historia yake. Mwaka 1959, Batavia, jimbo la New York, familia ya Joseph Mancuso ilikuwa na jengo kubwa la kiwanda cha mashine za kilimo kilichofungwa. Hakupatikana mpangaji wa kulichukua lote, basi Mancuso akaligawa vipande kwa kampuni ndogo, akazisaidia kutafuta mikopo na ushauri. Mmoja wa wapangaji wa mwanzo alikuwa akitotoa vifaranga, na jengo likapata jina la kiatamizi. Tazameni maslahi yalivyokaa: Mancuso alikula kodi. Mpangaji akianguka, naye kodi ilimpotea.

Hata Y Combinator ya Paul Graham na Jessica Livingston ilianza kwa mkono wa karibu. Kiangazi cha 2005, Cambridge, Massachusetts, kampuni nane tu. Steve Huffman na Alexis Ohanian walikuwa wamekataliwa, wako ndani ya treni wanarudi Virginia, Graham akawapigia simu: wazo lenu silitaki, ninyi nawataka, njooni na lingine. Wakashuka, wakarudi. Likazaliwa Reddit. Paystack ya Nigeria iliingia mwanzoni mwa 2016 kwa dola 120,000 na asilimia 7. NALA ya Mtanzania Benjamin Fernandes iliingia 2019 kwa dola 150,000 na asilimia 7 ileile. Fedha kidogo, ndiyo, lakini mwanzilishi alijua siku ya kwanza ametoa kiasi gani. Paystack ilinunuliwa na Stripe mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 200.

Kundi la kwanza la mkataba mpya wa 2022 lilikuwa na zaidi ya kampuni 400, kila moja ikapewa dakika moja ya kujinadi kwa wawekezaji. Niliwahi kukaa meza ya majaji kwenye shindano moja la namna hiyo hapa kwetu. Binti mmoja alikuwa ndiyo kwanza anafungua daftari la mauzo yake, la karatasi, lenye alama za vidole vya wino, kengele ikalia. Hatukuliona lile daftari. Tangu siku hiyo siamini dakika moja.

Ushauri wa kila wiki na mtandao wa waliopita kwao bado ni kazi safi. Kundi lililofuata walilipunguza hadi takriban 250, na hilo ni jambo la maana. Karatasi ya pili hawakuigusa. Ilihitaji mstari mmoja tu: SAFE yoyote iliyo chini ya dola 100,000 haitaamsha kipengele. Yule mtu wa nyumbani angeingia na 50,000 zake, na kijana angempokea.