Tulicheka Mita Hamsini za Kwanza

Kibanda cha vidio tunachoenda huku Langas, upande wa Kisumu Ndogo, hakina jina. Kina mabenchi sita, televisheni moja na mwenyewe ambaye hukaa mlangoni na mkebe wa pesa. Jumamosi moja mwezi wa tano mvua ilinyesha mpaka dishi likakataa kazi. Mechi ilikatika dakika ya ishirini hivi na wasee wakaanza kudai pesa zao. Kutafuta amani, mwenye kibanda akaunganisha simu yake kwenye televisheni, akatuwekea chochote kilichokuwamo. Mbuzi anayepiga watu pembe. Bwana harusi anayeanguka na keki. Halafu mtu mweusi peke yake ndani ya bwawa la kuogelea, uwanja umejaa, maji yanamrukia kila upande kama mtu anayefua blanketi.

Mimi nilimjua mara moja. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Olimpiki ya Sydney, 19 Septemba 2000, mchujo wa mita 100 mtindo huru. Nilimjua kwa sababu niliwahi kumuuza. Tovuti moja ilinilipa elfu moja mia tano nikaandika makala kuhusu mambo matano ambayo kijana wa leo anaweza kujifunza kutoka kwake. Jambo la tatu lilikuwa "usiogope kuchekwa". Kwa hiyo pale kibandani nilinyamaza. Nilitaka kuona wenzangu watamtazama vipi.

Walicheka, bila shaka. Mmoja alisema hata yeye akienda Olimpiki atarudi na kitu. Mwingine akasema huyo anakimbiza mbu. Moussambani akafika upande wa pili, akageuka, akaanza kurudi, na kicheko kikaendelea mpaka jamaa mmoja wa benchi la nyuma, anayechonga mawe kwenye kware, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wazee, huyu anazama."

Kimya.

"Angalia kichwa. Ameanza kuangalia juu."

Kutoka hapo hakuna aliyecheka tena. Klipu niliyoiona labda mara arobaini, na ambayo niliiandikia ushauri wa maisha, iligeuka filamu ya kutisha mbele ya macho yangu. Sikuwa nimewahi kuiona hivyo. Au tuseme nilikuwa nimekataa kuiona hivyo, lakini hilo nitalifikia.

Kwanza klipu yenyewe. Walipaswa kuogelea watatu: yeye, mmoja wa Niger na mmoja wa Tajikistan. Hao wawili waliruka kabla ya ishara, wakaondolewa. Moussambani akabaki peke yake mbele ya maelfu ya watu, katika bwawa la mita 50, yeye ambaye kabla ya kufika Sydney hakuwa amewahi kuona bwawa la urefu huo. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu nyuma, kwenye kibwawa cha hoteli huko Malabo. Aliingia kwa nafasi zinazotengewa nchi ambazo mchezo huo haujakomaa. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Mholanzi aliyechukua dhahabu ya umbali huohuo, Pieter van den Hoogenband, alitumia sekunde 48.30. Yaani angefika, ageuke, arudi alikotoka, na bado angekuwa na muda wa kujifuta kwa taulo.

Magazeti ya Kiingereza yalimbandika jina la mkunga, yule samaki wa mwili mrefu kama nyoka. Paula Barila Bolopa, mwenzake wa nchi hiyohiyo, aliogelea mita 50 kwenye michezo hiyohiyo kwa dakika 1 na sekunde 3.97, naye akapewa jina la mtu anayetambaa. Hivyo ndivyo klipu hizi zilivyofungashwa na kuuzwa, na nikiangalia leo naona kuna vifungashio viwili tu. Cha kwanza ni kichekesho. Cha pili ni ushujaa: mtu mdogo, moyo mkubwa, uwanja mzima umesimama, weka muziki wa piano chini yake. Mimi niliuza cha pili nikajiona nina heshima kuliko waliouza cha kwanza.

Lakini vyote viwili vina ujanja mmoja. Vinajua mwisho. Anayecheka anacheka kwa sababu mtu huyo atafika, na anayetokwa na machozi ya fahari anatokwa nayo kwa sababu mtu huyo atafika. Ondoa huo mwisho, kaa na zile mita kama kumi na tano za mwisho pekee, pale mikono inapoinuka polepole na mwili karibu unasimama ndani ya maji, kisha uniambie ni kichekesho gani hicho. Watangazaji wenyewe, kwenye klipu ninazozijua, huanza na utani, kisha sauti inabadilika. Wanaanza kuhofu. Ndiyo sehemu bora ya utangazaji wao, na ndiyo sehemu ambayo wanaokata klipu hupenda kuifunika na muziki.

Ajabu nyingine ni kwamba hadithi huishia pale ukutani. Moussambani aliendelea kuogelea. Kufikia 2004 alikuwa ameshusha muda wake chini ya sekunde 57, nusu ya ule wa Sydney, akakosa Olimpiki ya Athens kwa sababu ya mambo ya makaratasi. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Hiyo si klipu. Mtu anayejua kuogelea hana soko.

Na hapa niseme kitu kuhusu kutazama. Ukilelewa Eldoret unajifunza kutazama michezo kwa kutazama uso. Bingwa wa dunia anakupita barabarani saa kumi na mbili asubuhi, unamwona jinsi anavyouma meno. Agosti 2008, Langas ikiwa bado na nyumba zilizobaki kuta tu baada ya vurugu za uchaguzi, sisi watoto tulijazana kwa jirani mwenye televisheni kumwona Pamela Jelimo akichukua dhahabu ya mita 800 kule Beijing. Nakumbuka uso wake mpaka leo. Kile ambacho hakuna mtu mtaani aliniambia ni kwamba siku nne kabla, tarehe 14, Mkenya mwingine alikuwa ameweka rekodi ya Olimpiki kwenye maji. Jason Dunford, mita 100 mtindo wa kipepeo, sekunde 51.14. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Michael Phelps. Iliishi muda mfupi kuliko kuchemsha githeri: kwenye mchujo uliofuata baadaye kikao hichohicho, Milorad Čavić wa Serbia akaogelea 50.76. Dunford alimaliza wa tano kwenye fainali, miaka miwili baadaye akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi, na mwaka 2012 akabeba bendera yetu kwenye ufunguzi London. Siku hizi anaimba kwa Kiswahili akijiita Samaki Mkuu, jambo ambalo nalipenda bila sababu yoyote ya kihakiki.

Mbio zake niliziona nikiwa mwaka wa pili chuo, wiki zile nilizokuwa naingia maktaba kwa ajili ya intaneti tu, kabla karo haijanishinda nikarudi nyumbani. Ni mbio nzuri na hazionekani. Uso uko chini ya maji. Unachoona ni mgongo, povu, mgongo. Kwenye fainali ileile Phelps alimshinda Čavić kwa 50.58 dhidi ya 50.59, na hakuna jicho la binadamu lililoona tofauti hiyo. Uwanja mzima ulisubiri ubao uuambie nani ameshinda. Kuogelea kwa kiwango hicho ni mchezo ambao maji yameshamalizwa, kama lami inavyomaliza matope. Mtazamaji hana haja ya kuyafikiria. Anaangalia saa.

Kuna mtu mmoja tu pale ambaye kazi yake ni kuyafikiria maji, na mimi nilimtazama siku nzima mwaka 2012.

Septemba ya mwaka huo mashindano ya kuogelea ya Afrika yalifanyika Nairobi, Kasarani, kwenye bwawa lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mathe alikuwa amenipeleka kwa mjomba likizo ya Agosti, halafu walimu wakagoma nchi nzima, shule hazikufunguliwa, nikabaki. Mjomba alikuwa akiuza mayai na smokie kwa mkokoteni. Alisikia kuna wageni Kasarani akafikiri ni biashara. Haikuwa biashara. Viti vingi vilikuwa wazi, na waogeleaji hawali mayai ya kuchemsha. Mchana aliacha mkokoteni kwa mwenzake tukaingia kukaa kivulini.

Sikumbuki nani alishinda nini. Ninakumbuka harufu ya dawa ya maji, filimbi, migongo mipana ya vijana wa Misri na Afrika Kusini, na mwanamume aliyekaa kwenye kiti kirefu kando ya bwawa akiwa na fulana nyekundu, hafanyi chochote.

"Anko, yule anafanya nini?"

"Anangoja mtu azame amtoe."

"Lakini hawa wote wanajua kuogelea."

"Ndiyo maana nakuambia hiyo kazi ni tamu," mjomba akacheka. "Soma, kijana."

Sikucheka. Nilikuwa nikipiga hesabu. Hapa kuna watu wanane wanaojua kuogelea kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na wana mtu wa kuwatoa. Sisi tulikuwa watoto watano kwenye kware na hatukuwa na mtu.

Nimeizunguka hii kwa miaka, hata kwenye ile makala ya elfu moja mia tano. Aprili ya mwaka huo huo. Ukichimba mawe ya kujengea kisha ukaacha shimo, mvua huja ikalijaza, na shimo linakuwa la kijani na kimya. Tulikuwa tukienda kuduf mpararo baada ya kula. Rafiki yangu, tuliyekaa dawati moja tangu darasa la tatu, ndiye aliyekuwa anajua. Alikuwa amejifunza mtoni Sosiani, pale maji yanapofika kifuani. Na alikuwa mchekeshaji, huo ndio ubaya. Mimi nilibaki ukingoni na nguo za wote, nikitangaza. Nilikuwa na sauti ya redio, niliwaiga watangazaji wa mpira, hivyo nikawa natangaza kuogelea kwake: anaondoka Kenya, anampita Mmarekani, hatari, hatari. Akafika katikati. Akainua kichwa akaangalia juu. Mikono yake ikawa inasukuma maji chini, kama mtu anayepanda ngazi. Mdomo ulifunguka ukafunga. Hakusema kitu. Mtu anayezama hana pumzi ya kupiga kelele, lakini hilo nililisoma baadaye sana. Sisi wanne tulicheka, na mimi nikaongeza sauti, nikasema bingwa sasa anacheza na mashabiki.

Wachimbaji walimtoa jioni kwa kamba.

Kwa hiyo siwezi kujifanya mhakiki aliyesimama mbali na waliocheka Sydney. Kile kichekesho nilikitangaza mwenyewe, moja kwa moja, bila kujua mwisho. Labda ndiyo maana baadaye niliutaka sana ule ushujaa, ile piano. Ukimwandika Moussambani kama somo la ujasiri, huhitaji kutazama kichwa chake. Nimezirudia aya zangu za wakati ule. Hakuna neno "zama" hata mara moja. Kuna "kupambana", mara saba.

Mwaka huu mtu akiniuliza tena makala kuhusu mbio zile nitamwambia kwamba wapangaji wa vidio wanakosea pa kukata. Wanaanza na kurukia majini na kumaliza na makofi. Mimi ningeondoa nusu ya kwanza yote. Ningeacha sauti ya uwanja bila muziki. Na ningetafuta kamera iliyomwonyesha mwokoaji, kwa sababu lazima alikuwepo, amekaa mahali, na huenda sekunde zile alikuwa mtu pekee uwanjani aliyekuwa akitazama kitu kilekile alichokiona jamaa wa kware kutoka benchi la nyuma Langas. Katika klipu zote nilizopitia sijamwona.

Kibandani, Moussambani alishika ukuta. Mtu mmoja alipiga makofi mara mbili, akaacha. Jamaa wa kware akamwambia mwenye kibanda arudishe nyuma kidogo.

"Kule mwanzo, akiruka?"

"Hapana. Hapo anaposhika ukuta."

Akarudisha. Tukatazama mkono ukifika. Akarudisha tena. Nje mvua ilikuwa imepungua, dishi likapata nguvu, na mwenye kibanda akauliza kama aweke mechi, zimebaki dakika ishirini.

"Ngoja kwanza," jamaa akasema. "Bado hajatoka kwa maji."