Kasi na Hofu: Uhakiki wa Uigizaji wa Awali wa Parker Posey, 1991–1998

Wahakiki wanapomtaja mwigizaji wa Marekani Parker Posey, mara nyingi huanza na sifa aliyopewa na jarida la Time mwaka 1997, yaani malkia wa filamu huru. Sifa hiyo ina ukweli, lakini inaficha kazi iliyomfikisha hapo. Hoja inayotetewa katika sehemu hii ni kwamba ubora wake katika kipindi hicho haukutokana na vituko vya wahusika wake, bali na uwezo wake wa kumsawiri mtu anayesema kwa haraka ili hofu yake isionekane.

Posey alianzia katika televisheni. Kati ya mwaka 1991 na 1992 aliigiza kama Tess Shelby katika As the World Turns, tamthilia iliyorushwa kila siku ya kazi. Tamthilia ya namna hiyo humlazimu mwigizaji kukariri mazungumzo mengi kwa muda mfupi na kupata tendo mapema. Filamu huru huwa na masharti yayo hayo, kwa kuwa fedha ni chache na siku za kupiga picha zinahesabika. Kwa hiyo, si sahihi kuichukulia tamthilia hiyo kama hatua ya aibu aliyoivuka. Inafaa ichukuliwe kuwa sehemu ya malezi yake ya kisanaa.

Matokeo ya malezi hayo yanajidhihirisha katika Party Girl (1995), iliyoongozwa na Daisy von Scherler Mayer. Mhusika Mary ni msichana wa sherehe za usiku jijini New York anayelazimika kufanya kazi maktaba. Katika onesho moja anabaki humo usiku, akijifunza peke yake kupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey. Maneno yanapungua, na mwili uliozoea kucheza dansi unaanza kutii utaratibu wa rafu. Hapo ndipo mtazamaji anapobaini kwamba makeke ya awali yalikuwa kinga ya mtu asiyejua kama anafaa kwa lolote.

Katika Clockwatchers (1997) ya Jill Sprecher, Posey ni Margaret, kibarua wa ofisini. Margaret anawashawishi wenzake wagome, lakini siku inapofika anajikuta peke yake. Kasi ileile iliyochekesha mwanzoni sasa inaumiza, kwa sababu aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya wote hana tena wa kumsikiliza.

Inapolinganishwa na filamu hizo, You've Got Mail (1998) inaonesha hasara iliyopatikana. Filamu hiyo ya studio kubwa ilichukua kasi ya Posey ikaacha hofu iliyo chini yake. Mhusika wake, Patricia, anabaki kichekesho cha mwanamke mwenye pupa. Kosa si la mwigizaji. Muswada haukumpa onesho la kunyamaza.

Hivyo basi, tunapoitathmini kazi ya awali ya Posey, swali la msingi si ni filamu ngapi alizocheza, bali ni mara ngapi aliachiwa nafasi ya kunyamaza. Sifa ya malkia haijibu swali hilo. Filamu zenyewe zinalijibu.