Ngoma za Burundi katika Santuri ya London

Wapenzi wa roki husimulia kurudi kwa bendi ya Adam and the Ants kama ushindi wa kijana mmoja wa London. Sisi tunaosomesha Kiswahili mjini Bujumbura tunayo sababu ya kukisikiliza kisa hicho kwa sikio jingine.

Mnamo Januari 1980 Malcolm McLaren, aliyekuwa amemsikilizisha Adam Ant santuri iitwayo "Burundi Black", aliwachukua wenzake watatu akaunda nao bendi ya Bow Wow Wow. Adam akabaki na jina tupu. Alimwita Marco Pirroni apige gitaa, akaweka wapiga ngoma wawili badala ya mmoja, na mwezi wa Julai wakatoa "Kings of the Wild Frontier". Wimbo uliishia nafasi ya 48 nchini Uingereza. Ulipotolewa tena Februari 1981, umaarufu wa bendi ukiwa umekwisha kukua, ulipanda hadi nafasi ya 2.

Hatuna budi kukiri kwamba wimbo una nguvu. Hata hivyo, kilichochukuliwa ni nusu ya ngoma. Kwetu amashakwe hushika mdundo usiobadilika. Inkiranya, iliyo katikati, ndiyo inayoongoza, na ibishikizo huifuata. Katika wimbo huu tunayasikia amashakwe, lakini mahali pa inkiranya pamekaliwa na gitaa na makelele ya vita. Ni mazungumzo yaliyopoteza msemaji wake mkuu.

Wahakiki wa huko wakauita mtindo huo "mdundo wa Burundi", kana kwamba nchi nzima ina pigo moja. Adam hatumlaumu sana, maana bendi yake ilipiga ngoma zake yenyewe. Lawama yetu ni kwa "Burundi Black", ya mwaka 1971, ambamo Mfaransa Michel Bernholc aliongeza piano na gitaa juu ya ngoma zilizonaswa hapa nchini mwaka 1967.

Katika Kirundi, ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Ufalme wa Burundi ulifutwa Novemba 1966. Waliopiga mbele ya vinasa sauti mwaka uliofuata walikuwa wakipiga ngoma isiyo na mfalme. Santuri ilitoka kwa jina la Burundi Steiphenson Black, ambalo si jina la mpigaji hata mmoja kati yao.