Tanuri lipi kwa kambale wa Nakwa?

Mnunuzi wa samaki wa moshi hana karatasi ya alama kama majaji wa mashindano ya nyama ya moshi kule Kansas City, Marekani, lakini anahukumu kwa ukali uleule. Anatazama rangi, ananusa, kisha anabonyeza mgongo kwa kidole gumba. Samaki mwenye masizi, au aliyekauka ngozi huku nyama ya karibu na mfupa ikiwa mbichi, anabaki mezani. Mara nyingi kosa hilo lilianzia kwenye tanuri, kabla hata kuni hazijawashwa.

Kwa mtu wa Nakwa, Babati, anayenunua kambale na perege wa Ziwa Babati ili awabanike kwa ajili ya soko, kuna matanuri matatu ya kufikiria: pipa, Chorkor na FTT. Yote yapimwe kwa maswali mawili: hewa inaingilia wapi, na mafuta ya samaki yanadondokea wapi?

Pipa ndilo rahisi kulipata. Chukua la chuma la lita 200, kata juu, toboa mdomo wa kuni chini, weka wavu. Kazi inaanza siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba chuma chembamba hakitunzi joto. Upepo ukivuma, samaki wa upande mmoja wanapoa na wa upande wa pili wanaungua. Inabidi uwageuze kwa mkono mmoja mmoja, na kambale aliyeanza kuiva hukatika. Tena uliza pipa lilibeba nini. Lililowahi kuwekwa kemikali au viuatilifu halifai kwa chakula, hata ulichome mara ngapi.

Chorkor lilibuniwa Ghana karibu mwaka 1970, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), likapewa jina la makazi ya wavuvi ya Chorkor, Accra. Ni tanuri la tofali au udongo, urefu wake kama mara mbili ya upana, likiwa na ukuta katikati na midomo miwili ya moto. Akili yote iko kwenye trei. Ni fremu za mbao zilizopigiwa wavu wa chuma, na fremu inakalia katikati ya unene wa ukuta, kwa hiyo ndimi za moto haziifikii mbao. Zikipangwa moja juu ya nyingine, trei zenyewe zinageuka bomba la moshi. Huhitaji kugeuza samaki kila mara. Unapandisha trei ya chini na kushusha ya juu.

Kasoro yake ni mafuta, ambayo bado yanadondokea kwenye makaa. Yakiungua, moshi wake hubeba benzopireni, kemikali inayosababisha saratani. Kuanzia Septemba 2014 Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango kinachoruhusiwa kwenye samaki wa moshi kutoka mikrogramu 5 hadi 2 kwa kilo, na tanuri la moto wa wazi hukivuka kwa urahisi.

FTT, jina linalotokana na FAO na Thiaroye, lilikuja kujibu hilo. Lilitengenezwa mwaka 2008 na FAO pamoja na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegal. Linatumia msingi wa Chorkor, kisha linaongeza kisanduku cha makaa, sinia ya kukinga mafuta, na chombo cha pembeni cha kuzalisha moshi. Samaki anaivishwa kwanza kwa joto la makaa. Moshi unaletwa baadaye kwa ajili ya rangi na ladha. Ni tanuri safi, ila vyuma vyake vinataka fundi na fedha, na vikishika kutu lazima vibadilishwe.

Sasa turudi Nakwa. Chorkor kamili hupanga hadi trei 15, kila moja ikibeba hadi kilo 18. Ziwa Babati ni dogo. Ukipata kilo 40 kwa siku, umejaza trei tatu tu, bomba limekuwa fupi, moshi unatawanyika na kuni zinateketea bure. Isitoshe, Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Mdomo wa moto uliopimwa kwa ajili ya Accra utakuwa mwembamba hapa. Utanue, kisha uuwekee kifuniko cha kupunguza hewa.

Ushauri wangu ni nusu Chorkor: chumba kimoja, trei ndogo ili mrundiko urefuke, na juu ya moto sinia ya chuma iliyoinama kuelekea nje, mafuta yatiririkie kwenye kopo. Usitumie bati lililopakwa zinki, kwa sababu zinki hiyo ikipata moto mkali hutoa mvuke wa sumu. Kuni ziwe ngumu na kavu, kama za mgunga. Msonobari una utomvu unaochafua ladha. Kambale, mwenye mafuta zaidi ya perege, ndiye atakayefaidi sinia hiyo kwanza. Na samaki wote waachwe wachujike maji hadi ngozi ikauke, maana masizi hung'ang'ania ngozi yenye maji.

Bajeti ikibana, jenga kuta za udongo badala ya tofali za kuchoma. Kwenye wavu wa trei na sinia ya mafuta usibane hata shilingi.