Kiitikio katika Nyimbo za Jembe za Usukuma

Wachunguzi wa lugha wamezoea kuutazama wimbo wa Kiafrika kama shairi lililotiwa sauti. Huyanukuu maneno, huyatafsiri na kuyafafanua, kisha huuhesabu wimbo kuwa umekwisha kuelezwa. Desturi hiyo imehifadhi mengi ambayo yangalipotea. Lakini kwa nyimbo za kilimo za Wasukuma, katika nchi iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria kuuzunguka mji wa Mwanza, haitoshi.

Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Walimaji hujipanga mstari, ngoma hupima pigo, majembe huinuka na kushuka pamoja, naye manju huongoza. Yampasa manju kuzijua nyimbo za zamani, lakini sifa yake haitokani na kukariri tu; yatokana pia na uwezo wa kutia papo hapo jambo la siku hiyo, kama vile jina la mlimaji anayelegea, au ubahili wa mwenye shamba, au majivuno ya kikundi cha upande wa pili. Waitikiaji nao si mwangwi. Neno likiwapendeza, hulipokea kwa nguvu na kulirudia. Wakilipokea kwa ubaridi, manju hana budi kuliacha na kutafuta jingine. Kwa hiyo utunzi ni kazi ya mstari mzima.

Kitabu cha Frank Gunderson juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichochapishwa Leiden mwaka 2010, kimeuendeleza sana uchunguzi huu, maana kinaziweka nyimbo pamoja na kazi zilizozizaa na historia iliyomo. Hata hivyo ukurasa uliopigwa chapa, hata uwe wa mtaalamu gani, huonyesha neno lililokubaliwa, wala hauonyeshi kwa urahisi lile lililokataliwa.

Wako na wengine wanaoitafuta afya katika ngoma. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa habari za wapiga makasia 12, ambao baada ya kufanya mazoezi pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko baada ya kuyafanya peke yao. Mtu aliyepata kulima katika mstari hatashangaa. Lakini jaribio lile lilipima mwendo wa viungo, si maneno. Watu wasiojuana waweza kuinua majembe kwa pigo moja, na jioni wakaachana bado hawajuani. Mlimaji aliyetajwa katika wimbo, akachekwa, naye akajibu kwa jembe lake, amekwisha kutambuliwa na wenzake.

Yafaa kukiri kwamba umoja huu una mipaka. Wachezaji wa Usukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika Bagika na Bagalu, makundi ambayo asili yake hunasibishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha. Katika sherehe za Bulabo, zifanywazo mwezi wa Juni huko Bujora karibu na Kisesa, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na upande uliovuta watazamaji wengi ndio ulioshinda. Hapo ulimi wa manju huumiza, na dawa za ushindi husemwa sana. Anayeisifu ngoma kuwa chemchemi ya amani tupu hajaieleza Bulabo. Hata hivyo tusi la wimbo hujibiwa kwa wimbo, na kila upande wamhitaji mpinzani wake ili upate la kutunga.

Siku hizi bugobogobo huchezwa pia jukwaani, mbali na Usukuma, na vikundi vya sanaa vya makabila yote. Pigo limebaki, na urushaji wa majembe hewani hupendeza macho. Lakini maneno yakiisha kukaririwa kabla ya onyesho, mwitikiaji hana tena nafasi ya kulikataa neno la manju, na mstari umepoteza sehemu yake katika utunzi.

Kwa sababu hiyo anayekwenda kukusanya nyimbo hizi imempasa aandike kwanza kwa Kisukuma, kisha aonyeshe kila kiitikio mahali pake, pamoja na neno lililoachwa na sababu ya kuachwa kwake. Bila hayo, mwanaisimu atakuwa na maneno ya manju peke yake, wala hataweza kueleza kwa nini watu waliochoka kwa jua walirudi shambani siku ya pili wakiimba.